OTTO STERN NA SIGARA YA BEI RAHISI

Msomaji mpenzi, je, umewahi kukata tamaa katika maabara kwa sababu jaribio limekataa kata kata? Basi tega sikio nikusimulie habari za Otto Stern.

Stern alizaliwa mwaka wa 1888 mjini Sohrau, uliokuwa Ujerumani siku hizo na leo uko Polandi. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1912, kisha akafanya kazi na Albert Einstein. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alifundisha Chuo Kikuu cha Frankfurt.

Huko alitaka kurusha atomu za madini ya fedha katikati ya sumaku yenye nguvu zaidi upande mmoja, aone zitaelekea wapi. Lakini pesa zilikuwa haba! Mkuu wake, Max Born, alitoa mihadhara kwa kiingilio ili vifaa vipatikane. Mwenzake, Walther Gerlach, alikesha na mitambo iliyoharibika kila mara.

Siku moja walitoa kioo kilichopokea atomu, wakakuta kitupu. Stern akakikodolea macho, pumzi yake ikikipiga. Lo! Alama nyeusi zikajitokeza polepole. Kumbe mshahara mdogo ulimfanya avute sigara nene za bei rahisi, zenye salfa tele, na salfa ndiyo iliyoigeuza fedha ikawa nyeusi. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe uzeeni.

Mnamo Februari 1922 jibu likapatikana: atomu zilijigawa mafungu mawili, katikati hakuna kitu. Sababu ilieleweka baada ya 1925. Elektroni ina spini, yaani ni kama kisumaku kidogo, na ikipimwa ndani ya sumaku huelekea juu au chini tu.

Mwaka wa 1933 serikali ya Hitler ilianza kuwafukuza Wayahudi kazini. Stern, Myahudi, alijiuzulu Hamburg akaenda kuanza upya Pittsburgh, Marekani. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 1943, akafariki mwaka wa 1969 akiwa ndani ya sinema huko Berkeley.

Leo wataalamu huchunguza spini ya elektroni moja moja ndani ya vijibomba vya kaboni, vyembamba mno kuliko unywele, wakitumia sumaku vilevile.

Kwa hivyo wenzangu, usitupe kioo kabla ya kukitazama tena. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.