Joseph Pilates: Mfungwa Aliyefundisha Mazoezi Juu ya Blanketi

Askari aliyewekwa zamu katika mwambao wa Tanganyika, iwe Rumonge penye michikichi na soko la samaki, au kusini zaidi huko Nyanza-Lac, mara nyingi hana jumba la mazoezi lenye vyuma na mashine. Ana mchanga wa ufukoni, sakafu ya saruji na kirago cha kulalia. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mazoezi ya kunyoosha viungo na kutawala pumzi, kama yoga ya Wahindi na mengine ya jamii yake, ni anasa ya matajiri wa mijini. Leo tumechagua kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake limeenea duniani kote kwa mazoezi ya namna hiyo, naye aliyakuza akiwa kizuizini, nyuma ya seng'enge.

Joseph Pilates alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni alikuwa dhaifu, akisumbuliwa na pumu na matege. Hakuridhika na hali hiyo. Alijifunza ndondi na michezo ya viungo, akaichunguza na yoga, hata akawa kijana mwenye kifua kipana.

Kabla ya vita vya 1914 alihamia Uingereza. Vita vilipozuka, Waingereza waliwakusanya wanaume wa Kijerumani waliokuwa nchini mwao na kuwatia kambini. Ni vita vile vile vilivyofika hata kwenye ziwa letu, maana Burundi ilitawaliwa na Wajerumani mpaka Wabelgiji walipoingia mwaka 1916. Pilates alipelekwa Lancaster, kisha Knockaloe katika kisiwa cha Man, kambi iliyojaa watu zaidi ya 20,000. Hakuachiliwa mpaka mwaka 1919.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wanajua kuliko sisi yanayompata mtu aliyefungiwa mahali pamoja. Misuli hulegea, mgongo hupinda, na ugomvi huzuka kwa jambo dogo. Pilates aliwaona wenzake wakichakaa, akaanza kuwafundisha. Vifaa vyake vilikuwa sakafu na blanketi. Mtu hulala chali, au kifudifudi, au huketi. Hulikaza tumbo, huvuta na kutoa pumzi kwa mpango, na uzito wa mwili wake mwenyewe ndio mzigo anaouinua. Kwa wagonjwa wasioweza kuinuka, husimuliwa kwamba alizifunga springi kwenye vitanda vyao wazivute kwa mikono na miguu. Wako pia wanaosema kwamba homa kuu ya mafua ya 1918 haikumuua hata mmoja wa wanafunzi wake. Hiyo sisi hatuitii maanani, kwani mazoezi si kinga ya maradhi ya kuambukiza. Lakini ya springi tunaisadiki, maana mashine alizozijenga baadaye zina sura ya kitanda.

Mwaka 1926 alihamia Marekani. Yeye na mwenzi wake Clara walifungua chumba cha mazoezi mjini New York, kwenye barabara ya Eighth Avenue, wakawahudumia mabondia, wacheza dansi na watu walioumia. Alibuni mashine nyingi na hakuchoka kuzisifu. Hata hivyo, alipotoa kitabu chake cha 1945 kwa ajili ya mtu wa kawaida, aliweka mazoezi 34, na yote hayahitaji mashine hata moja.

Basi anayetaka kuanza achague kirago au mkeka unaoushinda urefu wa mwili wake, mnene wa kutosha usiuache uti wa mgongo ugongane na saruji, lakini usiwe laini kama godoro, kwani mwili ukizama hautulii. Ufukoni atafute mchanga uliolowa na kushikamana. Avue buti na mkanda wenye bakoli, atoe vitu vyote mifukoni, avae kaptura isiyobana. Blanketi lililokunjwa litafaa chini ya kichwa. Mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliokatwa kama ugwe mpana, utashika nafasi ya springi. Akague kwanza kama una nyufa, maana ukikatika humchapa mtu usoni. Mwenye jeraha la mgongo amwone mganga wa kikosi kabla ya yote.

Pilates mwenyewe hakuupata utajiri ambao wengine waliuchuma baadaye kwa jina lake. Picha zake za uzeeni zinamwonyesha akiwa na kaptura fupi tu, hata juu ya theluji. Alifariki New York tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na umri wa miaka 83, na Clara akaendelea kuwafundisha wanafunzi katika chumba kile kile.