Luteni Aliyekuwa Meya

Marehemu Tom Bradley alizaliwa tarehe 29 Desemba, 1917, huko Calvert katika jimbo la Texas nchini Marekani. Wazee wake walikuwa wakulima wa pamba waliogawana mavuno na mwenye shamba, na babu zake walikuwa watumwa. Walipohamia Los Angeles, miguu ndiyo iliyomfungulia kijana huyo mlango wa Chuo Kikuu cha UCLA, kwani alikuwa hodari wa mbio za yadi 440.

Mwaka 1940 aliacha masomo akaingia polisi. Siku hizo askari mweusi hakupangwa doria pamoja na mwenzake mweupe. Bradley alitumikia jeshi hilo kwa muda wa miaka 20 na zaidi, akafikia cheo cha luteni, ambacho hakuna mweusi aliyekuwa amekipita. Ngazi ilipokwisha hakukaa kulalama. Alikuwa amekwisha kusoma sheria wakati wa usiku, akawa wakili.

Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa diwani wa jiji. Alipogombea umeya mwaka 1969, Sam Yorty aliwatia wapiga kura hofu ya rangi, akamshinda. Bradley alirudi mwaka 1973 akamng'oa, katika jiji ambalo weusi hawakufika hata robo ya wakazi, akadumu miaka 20. Ugavana wa California aliukosa mwaka 1982 kwa kura zisizofika laki moja.

Watu humsifu kwa Michezo ya Olimpiki ya 1984, iliyobakiza faida ya zaidi ya dola milioni 200. Sisi tunaona kwamba lililomshinda ndilo linalostahili kusomwa zaidi na wenye dhamana serikalini. Sheria ya jiji ilimkinga mkuu wa polisi hata meya asiweze kumwachisha kazi. Askari walipompiga Rodney King mwezi Machi, 1991, Bradley, aliyewahi kuvaa sare ileile, alimtaka mkuu wao, Daryl Gates, ajiuzulu. Gates alikataa. Wakubwa hao wawili wa jiji moja wakakaa mwaka mzima na zaidi bila kusemezana! Tarehe 29 Aprili, 1992, mahakama ilipowaachilia askari wale, jiji liliwaka moto, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha.

Mwezi Juni mwaka huohuo wananchi walipiga kura kuibadili sheria ile, na mkuu wa polisi akawekewa ukomo wa muda. Bradley hakugombea tena. Aliondoka ofisini mwaka 1993, akafariki dunia tarehe 29 Septemba, 1998.