Eusébio: Kinda wa Mafalala aliyefichwa hotelini, watani wakamgombea

NA MWANDISHI WETU

DIRISHA la usajili likifunguliwa, Dar es Salaam hakuna siri. Pita vijiwe vya kahawa vya Temeke, Mbagala, Manzese au Kinondoni, utaambiwa kinda fulani kashamwaga wino Jangwani. Vuka barabara tu, utaambiwa muongo huyo, dogo yupo hotelini na watu wa Msimbazi na simu kazimiwa. Kila mtu ana habari, na kila mtu kaipata kwa mtu wa ndani.

Wanaodhani mambo haya yamezaliwa Kariakoo wamsome Eusébio da Silva Ferreira. Huyu ndiye kinda aliyezigombanisha klabu mbili kubwa za jiji la Lisbon, Ureno, mwaka 1960. Moja inavaa nyekundu, nyingine kijani. Alipewa jina la siri la kike, akafichwa mbali na mji, na hata alipozeeka mashabiki wa pande mbili walikuwa bado wanabishana kama alisajiliwa au alitekwa.

Tofauti na tetesi nyingi, hii iliishia kwa mchezaji bora kuliko hata waongo wa vijiweni walivyomsifia.

CHANDIMU YA MAFALALA

Eusébio alizaliwa Januari 25, 1942, katika mtaa wa Mafalala, jijini Lourenço Marques, ambalo leo ndilo Maputo, mji mkuu wa Msumbiji. Wakati huo nchi ilikuwa koloni la Ureno. Mafalala ulikuwa mtaa wa Waafrika, nyumba za mbao na mabati, mbali na majumba ya Wareno ya katikati ya jiji.

Baba yake, Laurindo, alikuwa Mzungu kutoka Angola aliyefanya kazi reli. Mama yake, Elisa, alikuwa Mwafrika wa Msumbiji. Baba alifariki kwa pepopunda Eusébio akiwa na miaka minane, na mama akabaki kulea watoto peke yake.

Shule haikumshika sana. Alitoroka kwenda kucheza pekupeku, mpira wenyewe ni soksi iliyojazwa magazeti. Yeye na wenzake waliunda timu ya mtaani wakaiita Os Brasileiros, maana yake Wabrazili, na kila mmoja akajipa jina la staa wa Brazil. Aliyekulia Temeke haitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni chandimu, na maprofesa wengi wa soka wamesomea hapo.

Timu aliyoitaka ilikuwa Desportivo ya Lourenço Marques, iliyokuwa na uhusiano na Benfica. Alikwenda kujaribiwa, wakamkataa. Akaenda kwa majirani, Sporting ya Lourenço Marques, waliokuwa tawi la Sporting ya Lisbon, nao wakampokea.

Hapo ndipo fundo lilipoanzia. Moyo wa dogo ulikuwa upande wa nyekundu, lakini jezi aliyovaa ilikuwa ya kijani.

HABARI YA KWA KINYOZI

Kipaji kama kile hakifichiki. Akiwa na miaka 15 tu, Juventus ya Italia ilishapelekewa jina lake, lakini Mama Elisa alikataa katakata mwanawe asiende Ulaya akiwa mdogo vile.

Mwaka 1960 ilifika Lourenço Marques timu ya Brazil iitwayo Ferroviária. Kocha wake alikuwa José Carlos Bauer, aliyewahi kuichezea Brazil Kombe la Dunia. Bauer alimuona Eusébio akichezea Sporting yake na akashikwa na butwaa. Aliwapendekezea São Paulo, klabu yake ya zamani, hawakumjali.

Safari ikampitisha Lisbon. Huko, inasimuliwa, alikutana kwa kinyozi na Béla Guttmann, kocha wa Benfica, mzaliwa wa Hungary aliyewahi kufundisha kule São Paulo. Wakiwa wanasubiri zamu ya kunyolewa, Bauer akamsimulia kuhusu kijana aliyemuona Afrika.

Guttmann hakuipuuza. Benfica wakaanza kazi kimyakimya, na Sporting ya Lisbon wakastuka kwamba mtani anachungulia uani kwao.

MAMA ELISA MEZANI

Hapa shabiki wa leo asome taratibu, maana ndipo kwenye kiini cha habari yote.

Sporting walimuona Eusébio kama mali yao tayari. Anacheza kwenye tawi letu, tunabishana nini? Mpango wao ulikuwa kumleta Lisbon kama mchezaji wa vijana, aje ajifunze, bila mkwanja wowote wa maana.

Benfica walikwenda nyumbani. Walikaa na Mama Elisa na kaka yake Eusébio, wakaweka mezani dau la mkataba wa miaka mitatu. Kaka akasema ongezeni mara mbili. Benfica wakakubali. Kijana alikuwa na miaka 18, kisheria hajafikia umri wa kusaini mwenyewe, hivyo aliyesaini ni mama na pesa akapokea mama.

Hivyo ndivyo Eusébio mwenyewe alivyoisimulia hadi uzeeni, na kila alipoulizwa kuhusu kutekwa alikana. Kwa maelezo yake, upande mmoja ulimheshimu mama yake na mwingine haukuona haja.

RUTH MALOSSO

Baada ya saini ndipo sinema ikaanza. Katika simu za maandishi kati ya Lourenço Marques na Lisbon, Benfica hawakumtaja Eusébio kwa jina. Walimwita Ruth Malosso, ili yeyote atakayezidaka adhani anayezungumziwa ni mwanamke.

Alitua Lisbon Desemba 1960, katikati ya baridi ambayo mtoto wa Mafalala hakuwahi kuiona. Mjini kulishachafuka. Mashabiki wa Sporting walisema Benfica wamemteka mchezaji wao. Benfica wakasema Sporting ndio wanaopanga kumteka. Magazeti yakanogesha.

Benfica wakamtoa mjini, wakampeleka Lagos. Siyo Lagos ya Nigeria, ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Ureno. Huko alikaa hotelini siku kadhaa mpaka upepo utulie. Kwa lugha ya kwetu, dogo alikuwa kambini kabla ya kambi.

Upepo wa mjini ulitulia, wa makaratasi haukutulia. Mvutano wa usajili uliendelea miezi mitano, na muda wote huo kinda aliyegombaniwa na jiji zima alikuwa anafanya mazoezi bila kucheza mechi.

Aliyemshika mkono ni Mário Coluna, kiungo wa Benfica na Mmsumbiji mwenzake, aliyetangulia kuhamia Lisbon mwaka 1954. Mama Elisa alimuandikia Coluna barua na kumpa mwanawe aipeleke, akimuomba amuangalie kijana. Coluna akawa kaka mkubwa kwelikweli, na Eusébio alimuita kwa heshima maisha yake yote.

MTOTO KAINGIA UWANJANI

Mei 23, 1961, ruhusa ilipopatikana, alishuka dimbani katika mechi ya kirafiki dhidi ya Atlético. Benfica walishinda 4-2, matatu ya kwake.

Wiki moja baadaye, Mei 31, Benfica waliifunga Barcelona 3-2 mjini Bern na kutwaa Kombe la Ulaya. Eusébio hakuwemo. Lakini Juni 15, kwenye mashindano ya Paris, Benfica walikuwa wanachapwa vibaya na Santos ya Pelé alipoingizwa kutoka benchi. Santos walishinda 6-3. Mabao yote matatu ya Benfica yalifungwa na yule mgeni, na Ufaransa nzima ikaanza kuuliza ni nani huyu.

Jibu lilikuja Mei 2, 1962, Amsterdam, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Real Madrid. Ferenc Puskás alifunga matatu kipindi cha kwanza na Madrid wakaenda mapumziko wakiongoza 3-2. Coluna akasawazisha. Kisha Eusébio, miaka 20, akapiga penalti, akapiga na mpira wa adhabu, mechi ikaisha 5-3. Filimbi ya mwisho ilipolia alimfuata Alfredo Di Stéfano, shujaa wake wa utotoni, na kuondoka na jezi yake.

Baada ya hapo namba zinaongea zenyewe. Ballon d'Or mwaka 1965. Ubingwa wa Ureno mara 11. Kiatu cha dhahabu cha Ulaya mara mbili, 1968 na 1973. Mabao 473 katika mechi 440 rasmi za Benfica. Alifika fainali nyingine tatu za Kombe la Ulaya, 1963, 1965 na 1968, na zote alipoteza.

KURASINI NA OYSTERBAY

Sasa tugeukie upande ambao mashabiki wengi hawaujui, nao unafika hadi Dar es Salaam.

Juni 25, 1962, hata miezi miwili haijapita tangu usiku wa Amsterdam, FRELIMO iliundwa hapa Dar chini ya Eduardo Mondlane kupigania uhuru wa Msumbiji. Vijana wa Msumbiji walisoma Kurasini, Temeke, kwenye taasisi ya chama chao. Vita vilianza Septemba 1964. Februari 3, 1969, Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, Oysterbay, Kinondoni.

Miaka hiyohiyo, Msumbiji mwingine alikuwa anaifungia Ureno mabao. Utawala wa António Salazar uliwapenda Eusébio na Coluna kwa sababu moja zaidi ya soka: waliwaonyesha duniani kama ushahidi kwamba Msumbiji ni Ureno.

Je, alikuwa msaliti? Mbishi wa kijiweni anaweza kusema hivyo, lakini mwaka 1960 Msumbiji haikuwa na timu ya taifa ya kuchagua. Na uhuru wake mwenyewe ulikuwa wa mashaka. Juventus waliporudi na dau kubwa, serikali ilikataa asiondoke. Eusébio alisimulia kwamba Salazar mwenyewe alimuita na kumwambia yeye ni mali ya taifa. Mtu aliyeitwa mfalme na mashabiki hakuwa na ruhusa ya kuhama kazi.

Mwaka 1966 alikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia na akaibuka mfungaji bora kwa mabao tisa. Katika robo fainali Korea Kaskazini waliongoza 3-0. Eusébio akafunga manne, Ureno ikashinda 5-3. Nusu fainali walifungwa 2-1 na wenyeji, akatoka uwanjani akilia. Kwenye kikosi kile walikuwemo watoto wanne wa Msumbiji: yeye, Coluna aliyekuwa nahodha, Hilário na Vicente.

Baada ya hapo Inter Milan walimtaka. Mlango ukafungwa tena, safari hii na Waitaliano wenyewe. Korea Kaskazini iliitoa Italia kwenye fainali zilezile, na kwa hasira Italia ikapiga marufuku kusajili wageni. Korea ile aliyoipiga manne ndiyo iliyomfungia njia.

LAANA NA MIGUU ILIYOCHOKA

Uvumi haukumuacha Benfica wala yeye. Guttmann aliondoka mwaka 1962 baada ya kunyimwa nyongeza, na inasemekana aliapa klabu haitatwaa ubingwa wa Ulaya kwa miaka 100. Kwetu ungesikia kamati ya ufundi imekosea hesabu. Mwaka 1990 Benfica walipofika fainali mjini Vienna, alikozikwa Guttmann, Eusébio alikwenda kaburini kwake kuomba. Milan wakashinda 1-0.

Aliondoka Benfica mwaka 1975, mwaka ambao Msumbiji ilipata uhuru, Juni 25. Goti lilishafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Alicheza Marekani, Mexico na Canada, na mwaka 1976 akatwaa ubingwa wa ligi ya Amerika Kaskazini na timu ya Toronto. Coluna alirudi nyumbani na kuja kuongoza shirikisho la soka la Msumbiji. Eusébio alibaki Lisbon, kwenye klabu iliyomfuata mama yake Mafalala.

Alifariki Januari 5, 2014, kwa ugonjwa wa moyo, siku 20 kabla ya kutimiza miaka 72. Ureno ilitangaza siku tatu za maombolezo. Jeneza lake lilizungushwa kwenye uwanja wa Benfica, na kwenye sanamu yake nje ya uwanja zilionekana hadi skafu za Sporting. Coluna alimfuata Februari 25, mwaka huohuo. Julai 2015 mwili wa Eusébio ulihamishiwa kwenye jengo wanamozikwa mashujaa wa Ureno, mwanasoka wa kwanza kuingia humo.

Viongozi wa Sporting waliompoteza hawakuzidiwa maarifa wala magari ya kuficha wachezaji. Walishindwa kupiga hodi. Kwa hiyo mkibishana dirisha lijalo kuhusu nani kamficha nani, mwenye habari ya mtu wa ndani aulizwe swali dogo tu: nyumbani kwa dogo, kwa mama yake, nani kashafika?