Humphry Davy na Metali Zinazoliwa

Nasomea ualimu, na somo la metali ningelianza na Humphry Davy, mtoto wa Penzance, Uingereza, aliyezaliwa 1778 na kufiwa na baba mapema. Mwaka 1807 alipata potasiamu kwa umeme. Ukiidondosha majini inawaka hapohapo, mwali wa zambarau! Shaba, hata ukiitia asidi hafifu ya hidrokloriki, haishtuki. Ila bahari ilikuwa inaila shaba ya manowari taratibu. Mwaka 1824 Davy akaifungia zinki na chuma viliwe badala yake, kama zinki inavyoyakinga mabati yetu Morogoro na mvua za Uluguru. Shaba ikapona kweli. Lakini shaba isiyoliwa haitoi sumu majini, basi magugu na makombe yakajazana, meli zikawa nzito. Jamaa akadhihakiwa. Alifariki Geneva 1829, miaka 50 tu.