Yusuf bin Hassan, Mfalme Aliyeiteka Fort Jesus

Sote tumefunzwa kuhusu Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka wa 1593. Lakini huyu kijana aliyewatimua humo mwaka wa 1631 hatumjui sana.

Babake, Sultani Hassan, alikosana na kapteni wa ngome akatorokea bara. Huko akauawa mwaka wa 1614 na wenyeji waliohongwa na Wareno, kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Yusuf alikuwa na miaka saba hivi. Ajabu ni kwamba naye alipelekwa Goa hukohuko! Mapadri wa Mtakatifu Augustino wakamlea, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia. Akaoa, akatumika katika merikebu za Wareno, na mwaka wa 1626 akarudishwa Mombasa kutawala. Wareno walidhani wamepata mtu wao.

Lakini wapi! Ufalme gani huo, nawe unadharauliwa na kapteni mbele ya raia wako? Tena alikuwa akienda kisirisiri kwenye kaburi la babake kuomba kwa desturi ya Kiislamu. Akaonekana, akachongewa kwa Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, naye akapanga kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf hakungoja. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kuamkua tu, wakamuua kapteni na kuiteka ngome.

Wareno wa mjini walikimbilia nyumba ya watawa. Siku chache baadaye waliuawa, pamoja na Waafrika waliobatizwa, hata wanawake na watoto. Hapo mimi simtetei. Ati ni shujaa, sawa, lakini mtoto mchanga alimkosea nini?

Januari 1632 merikebu za vita kutoka Goa zilifika kuikomboa ngome, zikashindwa, zikarudi mikono mitupu. Hata hivyo, Yusuf alijua watakuja wengine. Mwezi wa Mei akaibomoabomoa ngome, akapanda merikebu aliyoiteka, akaenda zake. Watu wa Mombasa akawaacha! Wareno wakarudi mwaka huohuo bila kupigana.

Yeye aliendelea kuwahangaisha baharini mpaka alipofariki mwaka wa 1638 upande wa Bahari ya Shamu, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Mombasa ilingoja mpaka 1698, Waomani walipoizingira ngome karibu miaka mitatu wakaitwaa.