Mzee Kakungulu na Mwalimu wa Miezi Sita



Wiki hii Mchungaji amenipa nafasi niandike juu ya walimu wapya wa shule ya Jumapili. Nimeamua kuanza na mzee mmoja wa Uganda ambaye hakuwa wa kanisa letu, na mwishowe hata Ukristo aliuacha. Nivumilieni kidogo. Kuna kitu alifanya ambacho sisi tuliookoka tunakishindwa kila mwaka.

Huyu mzee anaitwa Semei Kakungulu. Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, akaja Buganda akiwa kijana, akajulikana kama mwindaji wa ndovu na baadaye kama mpiganaji hodari. Alijifunza kusoma kwa wamishonari wa Kiprotestanti. Enzi hizo Buganda mtu akiokoka aliitwa msomaji, kwa maana imani na kitabu vilikwenda pamoja. Na Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kwa hiyo Kakungulu alikuwa na Neno mkononi kwa lugha yake.

Aliwasaidia Waingereza sana. Mwaka 1899 alikuwa kati ya waliowakamata wafalme wawili, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Baadaye akaenda mashariki na jeshi lake, akajenga ngome, akatawala watu ambao hawakumwita. Tusimpambe, wengi waliumia. Yeye alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme wa huko. Badala yake walimpunguzia madaraka, na mwaka 1902 wakampa ardhi ya maili 20 za mraba pale Mbale, chini ya Mlima Elgon, ule ule ambao ndugu zetu wa Bungoma wanauona kwa upande wao.

Yule mtu aliyevunjwa moyo akarudi kwa Biblia. Kwanza alijiunga na Wamalaki, kundi lililokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Lakini aliendelea kusoma Agano la Kale, na mwaka 1919 alipofika kwenye habari ya tohara ya Ibrahimu, akasema hiyo ni amri, tutaifanya. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba basi na wao ni Wayahudi. Akatahiriwa yeye na wanawe. Ndipo lilipoanza lile kundi linaloitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Sasa fikiria shida aliyokuwa nayo. Ana watu wanaomfuata, ana kitabu, lakini mwalimu hana. Siku ya Pasaka inahesabiwaje? Mnyama anachinjwaje? Sala inaendaje? Hakuna hata mmoja kati yao aliyelelewa katika dini hiyo.

Mwaka 1920 akakutana Kampala na Myahudi mgeni, jina lake Yosef. Yosef akaenda kukaa nao kama miezi sita. Akawafundisha kalenda, sikukuu, sheria za chakula na za kuchinja. Miezi sita tu, wapendwa! Halafu akaondoka.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mzee Kakungulu angeweza kuyaweka yale mafundisho kichwani mwake, awe yeye ndiye mwenye kujua, kila mtu aje kumwuliza. Hata cheo chake kingepanda. Hakufanya hivyo. Alianzisha shule ya kuwapa wengine kile walichopokea kwa Yosef, ili nao wafundishe. Na mwaka 1922 akatoa kitabu kwa Kiganda, kurasa kama 90, cha sala na kanuni. Aliandaa watu, akaandaa na maandishi.

Alifariki Novemba 1928. Baada yake wako waliorudi Ukristoni, lakini kundi halikufa, kwa sababu mmoja wa wanafunzi wake, Samson Mugombe, alikuwa tayari. Akaongoza miaka mingi. Ukaja utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, dini yao ikapigwa marufuku. Kutoka maelfu wakabaki karibu 300. Lakini wale wazee waliobaki walikuwa wamefundishwa, na miaka ya 1980 vijana walipotaka kurudi, walipata mtu wa kuwaonyesha. Mwaka 2008 mmoja wa vijana hao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi huko Los Angeles, akarudi kwenye kilima cha Nabugoye karibu na Mbale, naye akafungua shule ya kuandaa wengine. Kutoka miezi sita ya Yosef mpaka hapo ni karibu miaka 90.

Sisemi tuifuate imani yake. Sisi tunamhubiri Yesu, Masihi aliyekuja. Ninahuzunika kwamba mzee aliyempenda Mungu wa Ibrahimu hivyo alimpita Mwana. Lakini kama mtu mwenye nusu ya nuru alilinda alichopewa kwa bidii hiyo, sisi wenye Injili yote tutasema nini?

Niseme yangu kwanza. Nilisomea biashara, na darasani tuliambiwa kwamba duka linalomtegemea mwenyewe peke yake hufungwa siku anapougua. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Halafu nikaja hapa Garbatulla nikaliendesha darasa la vijana peke yangu. Niliumwa, nikakaa Isiolo wiki tatu, na darasa likafungwa wiki tatu. Nilirudi nikakuta wawili tu. Sikumlaumu mtu. Ni mimi sikumwandaa yeyote.

Na sisi hapa tunajua barua ya uhamisho. Wengi wetu ni walimu, manesi, polisi. Leo uko Garbatulla, mwezi ujao uko Kitui au Lodwar. Mama yetu aliyefundisha watoto wadogo alihamishwa likizo ya Agosti, na Jumapili iliyofuata watoto walikaa chini ya mti wakisubiri. Hata daftari lake la masomo hatukujua liko wapi. Tazameni majirani zetu Waislamu: madrasani mtoto mkubwa humshika mkono mdogo akimwonyesha herufi. Hilo nalo ni somo.

Paulo alimwagiza Timotheo hivyo hivyo katika 2 Timotheo 2:2. Hesabu mwenyewe vizazi vilivyomo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Vizazi vinne katika mstari mmoja.

Kwa hiyo kuanzia muhula huu, hakuna mwalimu atakayesimama peke yake. Mwezi wa kwanza mwalimu mpya anakaa na mzoefu, anaangalia. Mwezi wa pili anafundisha sehemu, labda hadithi au wimbo. Mwezi wa tatu anafundisha somo zima, na mzoefu anakaa nyuma, ananyamaza. Kila mara darasa likiisha wanakaa dakika kumi: nini kimeenda vizuri, mtoto gani hakuelewa, turekebishe wapi. Anayerekebisha afanye kwa upole, na asifanye mbele ya watoto. Na daftari la masomo linabaki kwenye kabati la kanisa, haliendi nyumbani.

Tunahitaji watu sita. Usiseme hujui Biblia ya kutosha. Kakungulu alianza bila mwalimu kabisa. Baada ya ibada ya Jumapili, tukutane pale mbele.

Na wewe uliye mwalimu tayari, nakuomba uombe juu ya swali hili wiki nzima: barua yako ikija kesho, nani atasimama mahali pako?

Mungu awabariki.