King Oliver: Mfalme wa Jazz Aliyeshika Ufagio

Ukitaja jazz hapa kwetu, wengi hukumbuka magitaa ya bendi kama Victoria Jazz. Lakini ninayotaka kuizungumzia leo, msomaji, ni ile jazz ya asili, ya tarumbeta, klarineti na tromboni, iliyozaliwa miongoni mwa watu weusi mjini New Orleans, kusini mwa Marekani. Huko Uingereza wapenzi wake hadi leo hukodi vyumba hotelini tangu Ijumaa hadi Jumapili, wakala na kunywa na kucheza dansi kwa muziki huo. Baadhi ya nyimbo wanazozichezea zilitungwa na mtu ambaye mwisho wa maisha yake hakuwa hata na nauli ya kurudi kwa jamaa zake. Mtu huyo ni Joseph Oliver, aliyepewa jina la King, yaani Mfalme.

Oliver alizaliwa Louisiana katika miaka ya 1880, akakulia New Orleans. Chombo chake kilikuwa koneti, tarumbeta fupi iliyopigwa sana siku hizo. Aliweza kuiziba mdomo kwa kikombe au kofia mpaka ikalia kama mtoto mchanga au ikacheka kama mtu mzima. Mjini humo alikuwako kijana maskini aitwaye Louis Armstrong. Kijana alikuwa akitumwa na mkewe Oliver dukani. Oliver naye akamlipa kwa masomo, kisha akampa koneti yake kuukuu.

Mwaka 1918 Oliver alihamia Chicago, na kufikia 1922 alikuwa akiongoza Creole Jazz Band katika ukumbi wa Lincoln Gardens. Mwaka huo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Alimpelekea Armstrong simu ya maandishi, aje awe mpigaji wa pili. Alijua fika kipaji cha kijana huyo. Wangapi kati ya viongozi wa bendi wangemwita karibu mtu awezaye kuwafunika?

Wawili hao walipopiga pamoja bila karatasi yoyote mbele yao, wanamuziki weusi kwa weupe walifika kuwasikiliza. Mwezi wa Aprili 1923 walikwenda Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi santuri. Wakati huo maikrofoni hazikutumika; bendi ilipigia mbele ya pembe kubwa. Husimuliwa kwamba Armstrong alisimamishwa mbali nyuma ya wenzake, kwa kuwa sauti yake iliimeza ya mwalimu wake. Nimezisikiliza santuri hizo mara nyingi. Zina mikwaruzo, lakini ndani yake nasikia watu wanaopokezana maneno kama wazee barazani, hakuna anayemkata mwenziwe.

Mwaka 1924 Armstrong alikwenda zake New York, na nyota yake ikapaa. Ya Oliver ikaanza kushuka. Mwaka 1927 alikataa kazi katika klabu ya Cotton Club kwa kuwa aliona malipo ni madogo. Duke Ellington akaichukua, akajulikana nchi nzima kwa redio. Kisha ufizi wa Oliver ukaugua na meno yakamtoka, na mpiga tarumbeta asiye na meno ni kama mwimbaji aliyekauka koo. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929, benki iliyoweka akiba yake ikafilisika. Alizunguka kusini na bendi changa mpaka nayo ikasambaratika.

Aliishia Savannah, jimbo la Georgia, akifagia nyumba ya mchezo wa biliadi tangu asubuhi hadi usiku. Mwaka 1937 Armstrong alipita huko, akamkuta akiuza mboga barabarani. Akampa fedha, na usiku ule mwalimu akaja dansini amevaa nadhifu kumsikiliza mwanafunzi wake. Mwezi wa Aprili 1938 Oliver akafariki. Dada yake alitumia fedha za kodi ya nyumba kumleta azikwe New York, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na jiwe.

Wapo watakaosema aliponzwa na tamaa ya malipo makubwa. Mimi naona aliponzwa zaidi na kazi isiyo na kiinua mgongo: mwili ukichoka, nyimbo huendelea kuwatajirisha wengine. Wimbo wake West End Blues, aliourekodi Armstrong mwaka 1928, ni kati ya santuri zinazosifiwa kuliko zote za jazz.

Mwaka 1960 Armstrong alizuru Afrika, akafika hadi Nairobi. Waliompigia makofi siku zile walimwona mtu mmoja jukwaani. Lakini Armstrong mwenyewe hakuchoka kusema mpaka kufa kwake mwaka 1971, kwamba bila Oliver asingekuwa kitu. Basi nasi tunapomsifu mwanafunzi, tumtaje na mwalimu.